Igoki Hali Samaki

Sijawahi kuchapwa na mama yangu, na si kwa sababu nilikuwa mtoto mwema. Nilikuwa mtoto wa kuchapwa asubuhi na jioni. Lakini kwetu Kiritiri binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo niliitwa Igoki kama nyanya yangu, Cucu Igoki, na tangu siku hiyo mama akawa na mama wakwe wawili, mmoja wa miaka arobaini na minane na mwingine wa siku moja. Nani atamchapa mama mkwe wake? Nikimwaga maziwa, mama alikuwa akienda kulalamika kwa baba.

"Njue, mwambie mama yako aache kumwaga maziwa."

Baba alikuwa akichuchumaa mbele yangu na kofia mkononi. "Maitu," ananiambia, ndiyo kusema mama yangu, "tafadhali, haya maziwa ni ya kuuza." Nilikuwa na miaka mitatu.

Mtu angesema hiyo ni raha, na kweli kwa viboko ilikuwa raha. Taabu ilikuwa pengine. Kwetu wawili wenye jina moja wanahesabiwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa ameshakuwa Cucu kabla mimi sijafika. Nilikuta kila kitu kimeamuliwa. Igoki havai nyekundu. Igoki hachezi ngoma, hata harusini anakaa tu na kupiga makofi. Igoki anapenda uji mchachu, ule wa mtama uliokaa siku tatu mpaka unakukunja uso. Igoki haongei sana. Na juu ya yote, Igoki hali samaki.

Hiyo ya samaki ilikuwa na adhabu. Nilipokuwa msichana mdogo baba alinieleza vizuri sana: tumbo la Igoki ni moja. Nikila samaki mimi, ataumwa Cucu. "Cucu hagusi samaki," alisema, "na wewe usiguse. Ama unataka tumzike?" Sikutaka tumzike. Nampenda Cucu mpaka leo, hata nikimkasirikia, na ninamkasirikia mara nyingi.

Nilipata kazi ya ukatibu katika shule moja ya upili mjini Embu, na huko nilivaa kijivu na kunywa uji mchachu huku nikiulaani. Nikiwa na miaka ishirini na sita nikatumwa kuwasindikiza wanafunzi Kiambere kuona bwawa la umeme. Mwalimu mwenye mikate alibaki Embu na mikate yake. Kufika saa nane, njaa ilikuwa imenitoa adabu, na kando ya barabara kulikuwa na wanawake wanakaanga samaki. Nikanunua mmoja. Nilipomaliza mkia wake, ule unaovunjika mdomoni, nikaagiza wa pili. Nilipomaliza wa pili nikakumbuka kwamba nimemuua nyanya yangu.

Nikapiga simu mikono ikiwa bado na mafuta.

"Cucu, tumbo lako linasemaje?"

"Tumbo?" akauliza. "Liko. Na lako?"

"Liko pia."

"Haya basi."

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na miwili, nimekwenda Kiambere kula samaki, halafu nikampigia Cucu simu kuulizia tumbo. Shuleni walidhani nina bwana huko. Niliwaacha wadhani hivyo kwa sababu bwana ni heshima kuliko ukweli. Barabarani nilikuwa nikimkwepa baba, maana yeye huenda Kiambere kuuza mbuzi, na siku hizo nilikuwa nakula nimejifunika kitenge kichwani. Baba mwenyewe akirudi nyumbani alikuwa na mtihani wake. Cucu alikuwa akimvua koti mlangoni, analishika kwa mikono miwili na kulinusa kuanzia kola mpaka mifukoni. Sote tulijua ni kwa nini. Baba ni mzee wa kanisa, na Cucu alikuwa anahakikisha hajapitia kwa pombe.

Sasa, mwaka jana rafiki mmoja kazini alinivuta kwenda semina ya kujipenda. Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa hapo Embu, na mwenye semina aliitwa Madam Tabby, mama mmoja muuza mafuta ya nywele na manukato ambaye ameamua pia kuuza furaha. Kila mtu alipewa kioo kidogo.

"Jiangalie, mrembo," akasema Tabby. "Jiite jina lako. Jiambie, nakupenda."

Wanawake wote ukumbini wakaanza kujiita majina na kulia. Mimi nikashika kioo nikasema, "Igoki, nakupenda," na papo hapo nikamwona Cucu na ugoro wake puani. Nikajaribu tena. Cucu tena. Kumpenda Cucu sikuwa na shida nako, lakini sikulipa kiingilio kwa ajili ya Cucu.

Halafu tukapewa karatasi tuandike vitu kumi tunavyovipenda sisi wenyewe, si mume, si kanisa, si bosi. Wenzangu walijaza mbele na nyuma. Mimi nusu saa nzima niliandika kitu kimoja: samaki. Kila nilichofikiria kingine nilikuta ni cha Igoki yule mwingine, au ni kinyume chake tu. Tabby akaja akasoma juu ya bega langu.

"Mrembo, samaki tu?"

"Na mkia wake," nikamwambia kwa hasira.

Alinihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko karatasi. Miaka thelathini na minane, na mali yangu yote duniani ni samaki. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye pochi, na nikaapa kwamba kidogo nilicho nacho hakuna mtu ataninyang'anya. Ilikuwa ahadi nzuri. Sikujua itadaiwa haraka namna hiyo.

Kwa sababu kulikuwa na Muthomi. Muthomi ni mtu wa Kanyakine, huko Imenti Kusini, na ana mabwawa manne ya samaki. Siku za Jumamosi alikuwa akileta samaki Embu kwenye Probox, na mimi nilikuwa mteja wake. Nilikuwa nanunua aliyekaangwa na kumlia hapo hapo nyuma ya gari, nimejificha chini ya mlango wa buti ulioinuliwa.

"Dada," aliniuliza siku moja, "unajificha nini?"

"Jua."

Akatazama juu. Kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu yalikuwa yameanza. Alisogeza ndoo nipate nafasi ya kukaa, na mimi nikampenda hapo hapo, mdomo umejaa.

Baada ya mwaka akasema anataka kuja nyumbani na wazee wake. Nikampigia baba simu.

"Huyo kijana anafanya kazi gani, Maitu?"

"Anafuga."

"Ana wangapi?"

"Kama elfu tatu."

Nikasikia baba akivuta kiti. "Kuku elfu tatu?" akauliza kwa sauti ya ibada.

Sikusema ndiyo, na sikusema hapana. Igoki haongei sana. Na Muthomi naye sikumwambia lolote kuhusu samaki na Kiritiri. Nilimwambia tu kwetu wanapenda heshima. Najua. Msinitazame hivyo. Kila wiki nilipanga kusema na kila wiki nikanunua samaki badala ya kusema.

Wageni walikuja Jumamosi moja ya Agosti. Kanyakine ni mlimani na baridi yao ni ya kweli, kwa hiyo waliteremka Kiritiri na masweta na makoti, na kufikia saa tano walikuwa wanavuja jasho kama sufuria za githeri. Mama yake Muthomi, Mama Kiende, alikuwa na koti la sufi na alikataa kulivua kwa sababu ya heshima. Ndiyo ile heshima niliyomwambia Muthomi. Walileta mbuzi wawili, debe la asali, kreti za soda, mikungu ya ndizi na blanketi la Cucu. Cucu alikuwa amekaa mbele kabisa ndani ya hema, miaka themanini na sita, kifua kibaya, fimbo katikati ya magoti.

Mwisho wakashusha boksi la bluu la barafu, watu wawili wamelishika.

"Na hiki," akasema Mama Kiende, akipangusa paji la uso, "ni cha bibi harusi mwenyewe. Kijana wetu ametuambia hakuna kitu Igoki anapenda duniani kama hiki. Nimekaanga kwa mikono yangu, wengine tumeleta wabichi."

Akafungua.

Ile harufu ilitembea hema lote. Upande wetu mzima ulirudi nyuma benchi moja. Shangazi alijifunika pua na leso. Mama yangu, Ciku, alisema "Ngai!" halafu akanitazama mimi, mama mkwe wake, akiwa ameshindwa tena kunichapa. Baba akaja mbio mpaka kwenye sikio langu.

"Maitu, hawa watu wametukosea nini sisi?"

"Si makosa yao, Baba."

"Tutasema ni wa paka. Paka tunaye. Nitawaambia tumeshukuru sana, paka pia ni mtu wa nyumbani."

Wakati huo paka alikuwa ameshafika, bila kualikwa.

Sasa, kwetu kuna swali. Vitu vya wageni vikishawekwa katikati, binti huitwa mbele ya watu wote, na baba yake humuuliza: vitu hivi vimeletwa, tuvile au tusivile? Akisema tuvile, amekubali kuolewa. Akisema tusivile, wageni wanafunga mizigo wanarudi walikotoka. Na mzigo haugawanyiki. Huwezi kukubali mbuzi ukakataa asali. Kwa hiyo ya paka haikuwezekana, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alirudi mahali pake, akakohoa, akaniita.

"Igoki. Vitu hivi vimeletwa. Tuvile au tusivile?"

Nikasimama katikati. Muthomi alikuwa amekaa pale na tai yake mpya, ananitabasamia, halafu akaona nyuso za kwetu na tabasamu likaanza kuisha. Alinyoosha mkono chini, akaushusha mfuniko wa boksi polepole, kama mtu anayeficha kosa ambalo hajaambiwa ni lipi. Hilo lilinichoma. Mtu hakufanya kosa lolote isipokuwa kukumbuka ninachopenda.

Nikamtazama Cucu. Macho yake yalikuwa kwenye boksi, hayapepesi. Nilidhani anamtazama adui. Niliogopa, nasema ukweli. Kila mwezi nilikuwa nimekula mbali naye na nikapona kwa simu. Sasa nitakula mbele ya macho yake, na kifua kile. Na nikisema tusivile, nitakaa kijivu mpaka kaburini, na kwenye karatasi yangu hakutabaki hata kile kimoja.

Nikatembea mpaka kwenye boksi, nikaondoa mkono wa Muthomi, nikalifungua, nikachagua samaki mkubwa, nikavunja mkia na kuula. Hema zima walisikia ukivunjika.

"Huko si kujibu, Maitu!" baba akalia.

Lakini hakuna aliyemsikiliza. Watu wote, upande wetu na wa Kanyakine ambao hawakujua hata ni nini kinaendelea, walikuwa wamegeuka kumtazama Cucu waone ataanguka upande gani.

Cucu akasimama.

Shangazi alipiga kelele. Baba alikimbilia kiti, binamu mmoja akaleta maji, mwingine akauliza funguo za gari ziko wapi, na mke wa pasta akaanza maombi katikati ya sentensi. Cucu aliwapita wote. Alimsukuma paka kwa fimbo, akafika kwenye boksi, akachukua samaki wangu mkononi mwangu, akamvunja kichwa na kuanza kukinyonya kwa macho yaliyofungwa. Alinyonya kwa muda mrefu sana. Mke wa pasta alifika amina na bado Cucu alikuwa ananyonya.

"Cucu," nikasema, "wewe huli samaki."

"Nani alikuambia?"

"Baba. Watu wote."

"Mimi nimezaliwa Kiambere kabla ya hilo bwawa, mto ukiwa bado mto. Nimekula samaki kabla sijamaliza kuota meno." Akatema mfupa vizuri kando. "Wewe ndiye huli samaki. Ukiwa na miaka minne nilikupikia, ukala watatu. Wazima! Halafu ukatapika kutwa nzima. Nikasema basi, tumbo la Igoki limekataa. Nikila mimi, huyu mtoto ataumwa. Nikaacha."

"Uliacha lini?"

"Siku hiyo hiyo."

Nikahesabu. Miaka thelathini na minne.

"Cucu, nilitapika kwa sababu nilishiba!"

"Sasa mimi ningejuaje? Hukusema. Ulikuwa mtoto wa kunyamaza." Kisha akanikazia macho. "Ngoja. Hizo simu za kila mwisho wa mwezi, Cucu tumbo, Cucu tumbo. Ulikuwa umekula?"

"Nilikuwa nimekula."

"Shetani wewe. Mimi nilikuwa nasema mtoto ananipenda."

"Nilikuwa nakupenda! Ndiyo maana nilipiga!"

Baba aliuliza kwa unyonge, "Na koti langu, Maitu?" Sasa alikuwa akimwambia mama yake wa kweli.

"Ulidhani nanusa pombe? Wewe Njue, utanywa pombe wewe? Nilikuwa nanusa jiko la wale wanawake. Ukipita karibu koti lilikuwa linanukia mpaka siku ya pili. Na wewe ulijua mimi nilikuwa mtu wa samaki."

"Nilidhani hamu iliisha," baba akasema. Halafu, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika, akamalizia: "Na mimi hiyo harufu siipendi. Sikuona haja ya kuuliza."

Upande wa Kanyakine ulicheka kwanza, halafu wetu. Mimi sikucheka. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, pale katikati, na mafuta ya samaki kidevuni. Nikafungua pochi nikatoa ile karatasi ya Tabby.

"Hiki ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho," nikamwambia Cucu. "Kimoja! Nyekundu ni yako, uji ni wako, kunyamaza ni kwako. Nilitafuta kitu changu nusu saa nzima nikapata samaki. Na samaki naye kumbe ni wako!"

Cucu hajui kusoma, lakini aliitazama karatasi kwa muda, akaona ilivyo nyeupe. Sura yake ikabadilika. Akaniuliza kwa upole, "Wewe umeanza na kipande gani?"

"Mkia."

"Mkia?" Akakunja uso. "Mkia ni mifupa na kelele. Mtu anaacha kichwa anakula mkia?"

"Kichwa kinanitazama."

"Basi andika mkia. Hapo sikufuati, hiyo ni yako kabisa. Kingine?"

Nikavuta pumzi. "Uji mchachu siupendi."

Hapo ndipo Cucu alikaa chini. Ya samaki alikuwa amenisamehe, lakini uji! "Hupendi? Na mimi kila Krismasi nakuwekea kibuyu kizima?"

"Namwagia migomba."

"Ngai wangu," akasema Cucu. "Huyu ni Igoki gani?"

"Huyu hapa," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini, gauni la kijivu, pochi, kidevu chenye mafuta, kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye hakutarajia na anajaribu kuona kama atampenda. Muthomi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kitambaa, hajui ampe nani kwanza. Nikakichukua mimi.

Baba akakohoa. Ni mtu wa utaratibu, na swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Akarudi mahali pake, akanyoosha koti, akauliza upya kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Igoki! Vitu hivi vimeletwa. Tuvile au tusivile?"

"Tuvile!" nikasema.

"Tuvile!" akasema Cucu, wakati ule ule, mkono ukiwa tayari umerudi ndani ya boksi.

Baba alinitazama mimi, akamtazama Cucu, akamtazama Muthomi, na ukamwona kabisa anajaribu kupata hesabu ya nani ameolewa. Wazee wa pande zote mbili wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa kuwa jina ni moja haidhuru.

"Inadhuru sana," akasema Cucu, na akainua fimbo mpaka wakanyamaza. "Mimi nimejibia samaki. Huyu kijana simtaki, ni mwembamba. Njue, muulize mtoto wako peke yake."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo pale nyumbani, mtoto wa Njue. Baba alifungua mdomo aseme Maitu, akaufunga. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Binti yangu," akasema, na neno lilimpa kazi kulitoa, "wewe unasemaje?"

Nikajibu peke yangu. Wanasema mbuzi mmoja wa wageni alikata kamba kwa ile sauti na wakamkamata karibu na soko.